Mikunazi ya Mwanangu

Asalamu alaykum, kina mama. Na nyinyi wasichana mliobanana mlangoni, asalamu alaykum, na sogeeni mbele. Hakuna maiti humu leo.

Nimeambiwa niseme kidogo kabla ya mafunzo haya ya kukosha maiti kuanza. Aliyenambia "kidogo" hanijui. Mie kusoma nimesoma chuoni, nikahitimu Kurani, na skuli nilikaa mpaka nikaweza kuandika jina langu, baba akaona yatosha. Kwa hivyo msitazamie maneno ya kupambwa. Nitasema yalivyokuwa, tokea mwanzo, na majina ya watu sitayataja. Wenyewe wanajijua. Wengine wamo humu wananikodolea macho nisiwaseme, na nitawasema.

Nimekuja kumsema mwanangu. Wakubwa mnamjua. Wadogo pengine mmemsikia tu: yule mwanamke wa nyumba ya ukingoni mwa wadi, lile bonde la mto mkavu, hapa hapa Ibra, aliyekuwa akikosha maiti wa kike na kulima bustani. Ndiye huyo. Nimemzaa mie.

Nianze na bustani, maana yeye mwenyewe alianza na bustani. Watu hudhani kulima alijifunza kwangu. Hasha. Mie mtoto wa mji, nimezaliwa Malindi, Unguja, mchicha nikiujua ukiwa kwenye kikapu. Nimekuja Oman nimeolewa, nikamzaa mwanangu hapa, na tokea mdogo akiona mbegu huichokoa akaitia kwenye kopo. Kila kopo la maziwa nyumbani kwangu lilikuwa na kitu kinaota. Alipokuwa mtu mzima, karani wa skuli, akirudi kazini hata buibui havui vizuri, keshafika nyuma ya nyumba. Akapanda mrihani, asumini, mchaichai, mipapai, bamia, muhogo. Muhogo Ibra, jamani, kwenye jua hili linalokausha nguo kabla hujaianika ya pili. Jirani zetu Waarabu wakija kuchungulia, "Hii nini?" Naye anawachimbulia, anawapikia kwa tui la nazi, na wakiondoka anawapa kijiti wakapande kwao. Leo kuna nyumba humu Ibra zinakula muhogo na hazijui umetokea kwa nani.

Mlangilangi tu ndio uliomshinda. Aliutaka kwa ajili yangu, nisikie harufu ya kwetu. Akaleta mche kutoka Unguja, akaufunika gunia bichi, akaubembeleza, akautukana, ukafa. Akaleta mwingine. Nao ukafa. Nikamwambia, "Mwanangu, huu umekataa kuhama." Akanambia, "Mama, mbona wewe ulihama ukashika?" Alikuwa na mdomo yule, na mdomo, huo sasa, aliupata kwangu.

Lakini miti yake hasa ilikuwa mikunazi. Mkunazi ni mti wa hapa, Waarabu wanauita sidri, haubembelezwi. Mizizi inakwenda chini yenyewe kutafuta maji. Nyuma ya nyumba aliukuta mmoja mkubwa, akaongeza mingine mpaka ukutani, na nitawaambia kwa sababu gani.

Nyumba ya pili na yetu alikufa mfanyakazi wa ndani, msichana wa Kiislamu kutoka mbali, hana mama wala ndugu nchi hii. Wanaume wakasimama nje wanaulizana nani atamkosha. Sisi wanawake tukatazamana. Mmoja ana mtoto mchanga, mmoja ana pumu, mie nilikuwa na goti. Mwanangu akaweka chini ndoo yake ya kumwagilia, akasema, "Mie nitaingia. Nani anajua anielekeze?" Akapatikana bibi mmoja mzee aliyekuwa akiijua kazi lakini macho yamekwenda. Bibi akawa anasema, mwanangu anafanya. Majani ya kumkoshea, yale yanayotoa povu kama sabuni, waliyatoa kwenye ule mkunazi wetu. Aliporudi alioga, akaja akakaa jikoni kwangu, akanambia, "Mama, alikuwa na miguu midogo. Kama ya mtoto wa skuli." Tangu siku ile hakuacha.

Nyinyi wa kundi la wakoshaji mliokaa mbele hapa, wengi wenu yeye ndiye aliyewafundisha. Akipigiwa simu anakata matawi, anayafunga kwenye kitambaa cheupe, anachuma na mrihani wa kuweka kwenye sanda, anapanda gari. Kijiji chochote. Amefika mpaka Tiwi, huko pwani, kumkosha mwanamke asiyemjua hata kwa jina. Hali kitu kwenye nyumba ya msiba, hata kipande cha halua. Wagonjwa akiwapeleka hospitali, wajane akiwapelekea bamia. Nilikuwa nikimwambia, "Wewe, watu wakiona gari lako wanadhani kafa mtu." Anacheka. "Basi watafagia nyumba, mama."

Sasa nije kwangu.

Alikufa asubuhi, bustanini, mpira wa maji mkononi. Moyo, walisema madaktari. Hakuwa akiumwa, hakulala kitandani hata siku moja. Mie nilikuwa jikoni natengeneza chai, nasikia maji yanamwagika, yanamwagika, nikasema leo mchicha utaogelea. Nikamwita. Yaliyonijibu ni maji.

Mlimkosha nyinyi, kwa majani ya miti yake mwenyewe. Mie sikuweza kuingia. Nilikaa nje ya mlango na mjukuu wangu, binti yake wa pekee, nimemshika mkono au yeye kanishika, sijui. Nikasikia maji yanamiminwa, yananyamaza, yanamiminwa. Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo sikumwambia mtu. Tokea siku ile nikawa siwezi kusikia maji. Nikawa natawadha kwa kikombe, kidogo kidogo, yasilie. Vyombo navipangusa kwa kitambaa kibichi. Mjukuu wangu akiingia kuoga, mie natoka nakwenda kusimama njiani kama mwendawazimu mpaka amalize.

Na bustani inataka maji. Nikafunga mlango wa nyuma, ufunguo nikaufukia kwenye kopo la unga.

Mjukuu wangu anasoma Nizwa, anarudi mwisho wa wiki. Kiswahili chake mnakijua nyinyi wenye wajukuu, kinakwenda kinachechemea. Akanambia, "Bibi, miti yote inakufa. Mimi namwagia, sawa?"

"Usiguse."

"Kwa nini, bibi? Hii ya Mama."

"Nimesema usiguse."

Akalia. Nami nikaona bora alie yeye kuliko maji yalie. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penyewe. Siku tatu za msiba nyumba ilijaa mpaka viatu vikabadilishana miguu. Kisha kila mtu akashika njia yake, na hiyo ni kawaida, sikulaumu. Lakini mie nilikuwa nangoja kitu. Nilingoja mmoja wenu aje, aseme, "Mama, kafa fulani, tunataka majani." Maana watu hawakuacha kufa kwa sababu mwanangu kafa. Nikisikia kuna msiba mahali, nakaa karibu na mlango natega sikio. Hodi haiji. Msiba mwingine, hodi haiji.

Siku moja nikajikokota mpaka soko la Jumatano, lile letu la wanawake. Nikamwona mmoja wenu kainamia kwenye meza ya muuza dawa, ananunua unga wa sidri, ule wa pakti. Aliponiona akaurudisha upesi upesi, akajifanya anachagua hina. "Shikamoo mama, hujambo, nyumbani hawajambo?" Macho yako chini. Kutaja jina la mwanangu, hata.

Nikarudi nyumbani, nikajilaza kitandani na buibui langu mwilini. Nikasema, basi, wamemsahau. Kumbe mtu akishafukiwa, na kazi yake inafukiwa naye.

Hapo ndipo nilipoanguka. Kufiwa kuliniumiza, lakini kulikuwa kunanishikilia bado. Lililonibwaga ni lile la hina. Nikaacha kula ya maana, tende mbili na chai basi. Jirani wakigonga sifungui. Mwanangu wa kiume, anafanya kazi Maskati, akanipigia simu. "Mama, bustani yenyewe imeshakufa. Tuikate ile miti, tupate pa kuweka gari na chumba cha kupangisha." Nikamwambia, fanyeni mtakavyo. Akasema Ijumaa atakuja na watu wa msumeno. Nikasema, karibuni.

Na wiki ile ile, Alhamisi, ikaja hodi.

"Hodi humu ndani."

Nikavuta shuka kichwani.

"Hodi, mama. Najua upo, viatu vyako hivi hapa."

Nikageukia ukutani.

"Mama, sori, nimeacha gari inaunguruma na maiti ananingoja. Nifungulie."

Nikafungua ili nimtukane. Nikamkuta mwanamke mnene, jasho linamtiririka, simjui vizuri, nimemwona mara mbili tatu harusini. Kwao ni watu wa bara, wazee wake waliishi Mwanza, kaolewa hapa na Mwarabu wa njia iendayo mji wa Sur. Hakunishika mkono, hakuniuliza habari za nyumbani.

"Mama mkwe wangu kafariki asubuhi. Nataka majani ya mkunazi."

"Kanunue dukani."

"Nimenunua. Unga umeota kuvu, unanuka gunia. Mama, yule bibi kanisumbua tangu naolewa. Kila nikipika wali anasema mbichi. Lakini sitamkosha kwa gunia."

"Bustani imekufa," nikamwambia.

"Mrihani umekufa, nimechungulia ukutani. Mkunazi haujafa. Unaokufa humu ni wewe."

Nikamuuliza, "Wewe mwanamke, umelelewa wapi?"

"Mwanza. Ufunguo uko wapi?"

Mnacheka. Mie sikucheka siku ile, lakini nilikwenda nikatia mkono kwenye kopo la unga.

Mrihani umekuwa fagio. Asumini imebaki vijiti, mipapai imeinama kama wazee wanaotafuta kitu walichokiangusha, na ule mpira wa maji upo pale pale umejikunja juani. Lakini mikunazi, ndugu zangu, imesimama kijani, yote, mpaka ukutani. Chini kumejaa kunazi zimeanguka zimekauka, na ndege wamo wanagombana. Haikungoja mtu. Haikuningoja mie.

Nikashika tawi, miiba ikanichoma, nikakata. Yule mwanamke anapokea anatia kwenye mtandio wake. Kisha akasema, "Sasa yanafanywaje?" Nikamtazama. Mtu kavamia nyumba ya watu kutaka majani, na hajui yanafanywaje. Nikatoa kinu, tukayatwanga pale pale uani, akamwagia maji kutoka kwenye chupa yake ya kunywa, na povu likapanda lile jeupe, harufu ikatoka. Harufu ya kitambaa cha mwanangu. Nikakaa chini.

Akaningoja. Nampa haki yake, haraka yake yote ile, lakini aliningoja. Kisha akanambia, "Mama, inuka twende. Ukibaki humu peke yako leo utakuwa wa pili, na mie siwezi kuosha wawili."

Nikaenda na buibui lililokunjamana.

Nyumbani kwa marehemu, kwenye njia ya Sur, nikawakuta wa kundi letu wawili mlangoni mwa chumba, mmoja ndiye mkubwa wa kundi lenu. Yule pale, anajifunika uso kwa mtandio. Aliponiona na majani mkononi akaanza kulia. Nikamuuliza, "Unalia nini? Miezi yote hii mnakosha kwa vumbi la dukani, na miti ya mwenzenu mnaijua ilipo. Ndio mmeshamsahau?"

Akanambia, "Mama, ile miti sasa ni mali ya warithi. Yeye keshaondoka, idhini yake imeondoka naye. Jani moja tukichuma bila ya idhini ni haramu, na tutakwenda kumkoshea mtu kwa haramu?"

"Si mngeomba idhini? Mrithi si mie niliyekaa mle ndani?"

"Tukuombe vipi, mama? Tuje kwako tuseme, mwanao kafa, tupe majani tukakoshe wengine? Tuliona haya. Tukasema tumwache apoe, atatuita mwenyewe."

Mie nangoja kuombwa, wao wanangoja kuitwa. Wao nje na adabu zao, mie ndani na uchungu wangu, na baina yetu bustani inakufa kwa kiu. Watu gani wengine duniani wangefanya jambo hili kama si sisi? Mpaka akaja mtu wa Mwanza asiyejua kupiga hodi.

Basi. Mmiminaji wao alikuwa hajafika, gari limemharibikia Bidbid. Mkubwa wenu akafuta macho, akanitazama. "Mama, utaweza kumimina maji?"

Nilitaka kusema nina goti.

Nikaingia. Sasa nyinyi wasichana, sheria ya kwanza mtakayofundishwa leo ni kwamba yaliyomo ndani hayatolewi nje. Kwa hivyo ya marehemu sitayasema, wala hakukuwa na la kusema, alikuwa mtu amelala. Nitasema yetu sisi tuliosimama. Nikashika kata, maji yanamwagikia miguuni kwangu. Yule mkwe amesimama pembeni na shuka. Wakamkosha upande mmoja. Walipotaka kumgeuza, mkubwa wenu akainama sikioni mwa marehemu, akasema kwa sauti ndogo, "Samahani bibi, tunakugeuza kidogo, ubavu wa pili."

Nikamuuliza, "Unasema na nani?"

"Na yeye. Ndivyo alivyotufundisha mwanao. Alisema mtu akiwa hai humgeuzi bila ya kumwambia, kwa nini akifa umgeuze kama gogo?"

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mama. Alianza kwa yule msichana wa kazi. Sote tunafanya hivi. Na tuliowafundisha sisi wanafanya."

Mie nimeishi naye nyumba moja, nimekula naye sahani moja, na hilo sikulijua. Hakulisema. Nikasimama na kata yangu. Kisha nikauliza lile ambalo nilikuwa nalo kifuani na sikujua kama ninalo. "Na yeye? Mlimwambia?"

"Kila tulipomgusa, mama."

Nikamimina. Maji yakalia. Ni maji yale yale niliyoyasikia nikiwa nje ya mlango, lakini kumbe kulikuwa na maneno chini yake, madogo, na mie nje sikuyasikia. Mwanangu aliombwa radhi kabla ya kugeuzwa. Nikamimina mpaka mwisho, na maji ya kafuri nikamimina mie, na safari hii hayakunimwagikia miguuni. Tukamsaidia yule mkwe kumvisha sanda. Akapanga kitambaa kichwani kwa mama mkwe wake, akakirudia, akakirudia, mpaka kikakaa. Akasema, "Leo huna la kusema, mama," na hapo ndipo alipolia yeye.

Niliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja nyuma. Nikafungua bomba mpaka mwisho. Mpira ukaruka kama nyoka ukanirowesha mwili mzima, nami nikasimama humo humo.

Kisha nikampigia mwanangu wa kiume. "Msumeno usilete."

"Mama, nimeshazungumza na watu."

"Zungumza nao tena."

"Na gari nitaliweka wapi?"

"Liweke linapolala siku zote. Juani."

Akaja Ijumaa bila ya msumeno, na mjukuu wangu akaja kutoka Nizwa, tukakaa sote watatu, maana warithi ni sisi watatu. Nikawaambia tulivyomkosesha mwenye bustani thawabu zake kwa kunyamaziana. Wakaridhia. Tukamwita shekhe na mashahidi, mikunazi yote ikawekwa wakfu. Si yangu tena wala ya mtoto wala ya mjukuu. Ni ya maiti: Mwarabu, Mswahili, tajiri, mfanyakazi wa ndani asiye na jamaa. Mwanangu wa kiume aliponyoosha mkono kuweka sahihi alinambia, "Mama, dada angenicheka na chumba changu cha kupangisha." Nikamwambia, "Angekucheka, kisha angekupa bamia."

Mjukuu wangu sasa. Msimamisheni aone haya, yule pale mwenye miwani. Bustani kaifufua yeye. Anarudi kutoka Nizwa na mbolea kwenye buti la gari, gari linanuka mpaka Jumapili. Mrihani umerudi. Meza yetu ya zamani ya kukoshea ilikuwa inayumba, akaenda kule kwenye magereji ya Firq, huko huko Nizwa, akasimama juu ya vichwa vya mafundi mpaka wakamchomelea mpya yenye mfereji wa kupitisha maji, akaipakia akaileta. Fundi akamuuliza ni meza ya jiko? Akamwambia, "Hapana, hii ya bibi." Fundi akadhani nimekufa, akanihurumia. Na mwezi uliopita kaingia kukosha kwa mara ya kwanza. Kiswahili chake kile kile cha kuchechemea, akainama akamwambia marehemu, "Samahani bibi, mimi nakugeuza, sawa?" Alikosea, lakini mie sijasikia Kiswahili kizuri kuliko kile.

Nataka kushukuru. Namshukuru Mungu kwanza, aliyenipa mtoto nikamzaa mie na akanifundisha yeye. Nawashukuru nyinyi wa kundi, mliomkosha mwanangu kwa mikono aliyoifundisha mwenyewe. Kuniogopa kwenu nimekusamehe, nisameheni na mie ukali wa uso wangu. Namshukuru mtu wa Mwanza. Yuko huko nyuma anakula sambusa kabla ya wakati wake. Mwenzangu, ulikuja bila ya adabu ukanitoa kaburini. Wali wako bado mbichi, lakini.

Na funzo, maana wameniambia lazima niache funzo. Wahenga walisema muosha huoshwa. Mie naongeza: aliyefiwa huulizwa. Msimzungukie kama chungu cha moto. Mwendeeni, mtajeni marehemu wake kwa jina, mwambieni, tunataka kazi yake iendelee, tufanyeje? Atalia. Mwacheni alie, kisha atatafuta ufunguo. Na wewe uliyefiwa, usikae ndani ukawapima watu kwa hodi zao. Pengine wako nje wanaona haya.

Juzi tuliitwa kijijini, tukamkosha mwanamke mmoja wa Kiarabu. Tulipomaliza, binti yake, msichana mdogo hivi, akawauliza wenzangu huyu bibi kizee ni nani. Wakamjibu, "Huyu mama yake yule." Hawakusema zaidi. Yule binti akaja mpaka nilipokaa, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akanibusu utosini. Maisha yangu nimeitwa binti fulani, mke wa fulani, bibi wa kina fulani. Cheo kikubwa kuliko hicho cha siku ile sijapata, na sitaki kingine.

Nimemaliza. Nimeona mmeleta mwanasesere wa mafunzo, mrefu wa mpira, anacheka. Mrudisheni kwenye boksi, mtu hajifunzi heshima kwa mpira. Mnahitaji mtu mwenye mifupa inayouma, mwenye aibu zake, anayejua kama maji ni baridi. Leo nitalala mimi. Mjukuu wangu, njoo unishike mkono nipande mezani, goti hili. Nifunikeni shuka vizuri. Haya, na wewe msichana wa mlangoni, wewe unayeogopa kuliko wenzako, chukua kata, uwe wa kwanza.